Baridi na Dhoruba Nyanda za Juu: Mwongozo Kamili wa Kaya ya Kijijini, Kuanzia Paa Hadi Kinyungu (Shamba la Bondeni)

Mgeni akishuka basi Njombe mwezi wa Julai, siku hiyohiyo hununua jiko la mkaa. Usiku huliingiza chumbani, akafunga mlango na dirisha. Nimezaliwa na kukulia huku milimani, na sijawahi kuzika mtu mzima aliyeuawa na baridi akiwa amelala kitandani mwake, pakavu. Misiba niliyokwenda ilitokana na namna watu walivyoikimbia baridi. Mmoja alilala na mkaa. Mwingine alikunywa apate joto, akalala njiani mvua ikimnyeshea. Mwingine alivuka mto uliofurika kwa kuwa aliuona moshi wa nyumbani kwake ng'ambo ya pili. Ndiyo maana katika mwongozo huu nitakaa sana kwenye mambo hayo, na mengine nitayapitia kwa haraka.

Kwanza tuelewane kuhusu majira, maana huku tuna baridi mbili. Kuna kipupwe, Juni hadi Agosti: upepo wa kusini, ukungu na manyunyu ya asubuhi, kisha usiku mmoja mbingu zinatakata na alfajiri majani yote ni meupe kwa sakitu, ile barafu nyembamba ya usiku. Halafu kuna baridi ya mvua, Novemba hadi Aprili, yenye radi, mvua ya mawe na upepo unaong'oa mabati. Watu huiogopa ya kwanza kuliko ya pili, na hapo wanakosea. Mtu mkavu mwenye koti huvumilia nyuzi 4 bila shida kubwa. Mtu aliyelowa chapachapa kwenye nyuzi 12, upepo ukimpiga, anaweza kuzidiwa kwa saa chache tu.

Kwa aliyetoka Pwani: kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Kitulo uko mita 2,600, na kilele cha Mtorwi kina mita 2,961. Ukishapiga hesabu hiyo hutahitaji kuuliza kwa nini bibi wa jirani anavaa koti mchana kweupe.

Paa na ukuta: kazi ya Mei na ya Septemba

Mei, mvua ikishakatika, zunguka nyumba yako ukiangalia ukuta. Septemba panda ngazi uangalie paa. Usisubiri wingu la kwanza, kwa sababu siku hiyo mafundi wote wa kijiji watakuwa wameshaitwa.

Watu hudhani upepo hulisukuma paa. Ukweli ni kwamba hulinyanyua. Huingia kwa mlango au dirisha lililo wazi upande wa upepo, ukajaa ndani na kulisukuma bati juu, huku upepo wa nje unaopita juu ya kofia ya paa ukilivuta hukohuko. Kwa hiyo kazi yako ni kulifunga paa chini. Kagua kama kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zimefungwa kwenye ukuta kwa waya mnene ulioingia kwenye lenta, ile zege iliyo juu ya madirisha na milango, au angalau uliopita chini ya kozi kadhaa za tofali. Nyumba nyingi kenchi zimekalishwa tu juu ya ukuta kwa msumari mmoja. Kagua papi zilizooza, yaani mbao zinazopigiliwa bati, hasa ya mwisho kabisa pembezoni, maana ndiyo inayolowa kila siku. Misumari ya bati ipigwe kwenye mgongo wa bati, kamwe isipigwe kwenye bonde lake, na iwe na mpira chini ya kichwa. Pembezoni mwa paa piga msumari kila mgongo. Katikati unaweza kuruka mmoja. Paa likichomoza sana nje ya ukuta upepo hupata pa kushika, hivyo upenu mrefu wa barazani ujengewe nguzo na kenchi zake peke yake, ili ukienda usiondoke na paa la nyumba.

Mawe juu ya bati yaondoe. Najua ni desturi. Lakini jiwe linalotosha kuzuia bati siku ya kawaida, siku ya dhoruba linamwangukia mtu.

Nyumba ya bati isiyo na dari hutoa jasho. Alfajiri pumzi za watu walio ndani hugusa bati la baridi na kugeuka matone, blanketi linalowa, na mwenye nyumba anaamini paa linavuja. Kama huna uwezo wa dari ya mbao, shona magunia masafi na kuyatandaza chini ya kenchi. Hewa inayobaki kati ya gunia na bati ndiyo inayotunza joto. Nyufa za ukuta zizibe kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na kinyesi cha ng'ombe, na chini ya mlango weka gunia lililoviringishwa. Ila tundu la hewa lililo juu ya dirisha usilizibe. Sababu utaiona mbele kidogo.

Nje, chimba mtaro upande wa juu wa nyumba, si wa chini, upeleke maji pembeni kabla hayajafika kwenye msingi. Mwisho wa mtaro panda majani au weka mawe, la sivyo utakuwa umechimba korongo na kumpelekea jirani.

Kuni

Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiuchoma, moto wako hutumika kwanza kuyakausha maji hayo. Ndiyo sababu jiko la kuni mbichi hujaza moshi na wewe bado unatetemeka. Kata na upasue kuni mapema, zipate miezi sita ya kukauka. Kupasua ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwani gogo lenye gome zima hukaa na maji yake mwaka mzima. Zipange chini ya upenu, juu ya miti miwili ili zisiguse ardhi, zile za juu kabisa ziwe zimegeuzwa gome juu, na upande uachwe wazi upepo upite. Ukizifunika gubigubi kwa turubai unazichemsha.

Miwati hutoa joto zuri na kaa linalodumu. Mkaratusi nao ni mzuri ukikauka. Paini huwaka upesi na kutoa masizi mengi, basi itumie kuwashia. Na uwe na akiba ya siku tatu ndani ya jiko, juu ya uchanja, kwa ajili ya ile mvua isiyokata.

Kuota moto bila kufa

Mkaa unapoungua hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi, harufu wala ladha. Ukiivuta huingia kwenye damu na kukamata nafasi ya oksijeni, tena huing'ang'ania kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni yenyewe. Mwili unakosa hewa huku kifua kikipanda na kushuka kama kawaida. Aliyelala hapati nafasi ya kuamka.

Hatari kubwa ni kwamba mkaa unaoonekana salama ndio unaoua. Watu hungoja moshi uishe na kaa liwe jekundu lenye majivu juu, ndipo huliingiza ndani wakidhani limeshatakata. Moshi ndio umeisha, hewa hiyo haijaisha. Inaendelea kutoka hadi kaa la mwisho lizimike. Kuweka bakuli la maji kando ya jiko, kama wengine wanavyofanya, hakusaidii chochote.

Fanya hivi. Ota moto jikoni, kwenye jengo lenye tundu la juu na mlango wazi. Ukihitaji kupasha chumba joto, liingize jiko jioni mlango ukiwa wazi na watu wakiwa macho, kisha litoe nje kabla mtu wa kwanza hajalala. Nasema nje, si kwenye korido, na si kwenye chumba cha watoto ili "wapate joto lililobaki". Kama mna mama aliyejifungua, ambaye kwa mila zetu hukaa chumba chenye moto, basi kuwe na mtu macho na dirisha liwe wazi kiasi cha kupitisha mkono, usiku kucha.

Dalili zijue kwa moyo: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Kama watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, hiyo si malaria na wala hakuna aliyewaroga. Toeni kila mtu nje, watoto kwanza, fungueni milango, mpelekeni aliyezidiwa zahanati au kituo cha afya, na mkifika semeni wazi kwamba palikuwa na mkaa chumbani. Mwaka mmoja nyumba ya pili kutoka kwetu walipoteza saa nzima wakimtafuta mtu wa kuombea. Mtoto wao mdogo hakuiona asubuhi. Sijasahau, na ndiyo maana naliandika jambo hili kwa urefu hivi.

Kuhusu pombe. Msimu wa mvua mianzi hutoa ulanzi, na kila njia ina kilabu. Mtu akinywa husikia joto usoni na mikononi. Joto hilo ni lile la moyoni na tumboni linaloletwa kwenye ngozi na kumwagwa hewani. Halafu ulevi unamwondolea akili ya kutafuta pakavu. Ukimwona mtu amekaa njiani jioni ya mvua, usipite ukicheka. Mwinue.

Kulala na kuvaa

Baridi nyingi hutoka chini. Watu hununua blanketi la tatu la kujifunika wakati godoro limelala sakafuni. Inua godoro kwenye kitanda au chaga, chini yake tandika gunia lililojaa majani makavu, na blanketi moja lihamie chini yako. Chupa ya maji ya moto iliyovishwa soksi, ikiwekwa miguuni nusu saa kabla ya kulala, hufanya kazi kuliko jiko lolote. Hakikisha kifuniko kimekaza. Kwa mtoto mchanga itangulie kupasha kitanda, kisha itoe kabla hujamlaza.

Nguo tatu nyepesi hushinda moja nzito. Mwilini vaa kavu, katikati sufi, juu kitu cha kuzuia upepo. Sweta la sufi la mitumba, hata kama limechakaa viwiko, ni bora kuliko jipya la pamba, kwa kuwa pamba ikilowa hunyonya joto la mwili. Vaa mzula kichwani na gambuti miguuni. Weka soksi jozi moja kavu ambayo haivaliwi shambani hata iweje. Nguo zilizolowa zianikwe jikoni kwenye kamba iliyo mbali na moto kwa urefu wa mkono mzima, kamwe zisianikwe juu ya mafiga usiku watu wakiwa wamelala.

Mtoto, mzee na aliyelowa

Mtoto akizaliwa msimu wa baridi, mkaushe, mvike kofia, mweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi na blanketi juu ya wote wawili. Asiogeshwe kabla ya saa 24. Kina bibi wengi hawapendi kusikia hivyo, lakini bibi akielezwa kwa heshima kwamba mtoto anatoka kwenye joto la nyuzi 37 kuingia kwenye hewa ya nyuzi 10, huelewa upesi. Akishika nyayo akakuta ni za baridi na tumbo ni la joto, aongeze nguo. Tumbo nalo likiwa la baridi, au mtoto akikataa kunyonya, ni safari ya hospitali huku amebebwa kifuani, si mgongoni.

Baridi na moshi wa jikoni huandamana na nimonia, na nimonia huwahi kuonekana kwenye pumzi. Mzazi yeyote mwenye simu anaweza kuzihesabu. Subiri mtoto atulie, bora akiwa amelala. Funua tumbo. Hesabu kila tumbo linapopanda, kwa dakika moja kamili, usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, na wa mwaka 1 hadi chini ya 5 akifikisha 40, mpeleke zahanati siku hiyohiyo. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, au anakoroma akiwa macho, au hawezi kunywa, usingoje kupambazuke. Kuna watu hupaka mafuta ya mgando kifuani na kusubiri. Mafuta hayo hayafiki kwenye mapafu.

Wazee hawatetemeki sana hata wakiwa na baridi, hivyo usimwamini babu akisema "mimi niko salama". Mshike mkono, sikiliza anavyoongea. Vilevile aliyerudi amelowa: mwanzo hutetemeka, na hiyo ni nzuri. Akianza kujikwaa, ulimi ukawa mzito, vidole vikashindwa kufungua kifungo, amezidiwa. Kutetemeka kukikoma naye bado ni wa baridi, hapo uhai wake uko mashakani. Mwingize ndani, mvue vyote vilivyolowa, mkaushe, mfunike pamoja na kichwa, na mtu mwenye joto alale naye ubavuni. Pasha kifua na tumbo kwanza. Usimsugue mikono na miguu, usimkalishe karibu kabisa na moto, usimpe pombe. Kama anameza vizuri mpe uji au chai ya moto yenye sukari nyingi. Kisha tafuteni usafiri wa kumfikisha hospitali.

Kinyungu na usiku wa sakitu

Hapa ndipo wakulima wanapopoteza fedha, na mara nyingi kwa kosa la mahali. Hewa ya baridi ni nzito, hutiririka usiku kama maji kutoka mlimani na kujaa bondeni. Vinyungu vyetu viko bondeni kwa sababu ndiko kwenye unyevu wakati wa kiangazi, basi ndiko sakitu inakotua. Kama chini ya kinyungu chako kuna ua mnene wa miti uliokatiza bonde, umeijengea baridi bwawa. Fungua mwanya kwenye ua upande wa chini, hewa ipite. Viazi vya kipupwe vipande kwenye mteremko wa katikati kama una nafasi, na bondeni weka kabichi, inayovumilia zaidi.

Usiku wa sakitu hujitangaza. Ukungu wa siku kadhaa unatoweka ghafla, jua la mchana linawaka, jioni upepo unakufa kabisa, nyota zinang'aa kama zimeoshwa. Mawingu yakiwepo lala usingizi, maana mawingu ni blanketi la shamba. Mbingu zikitakata, fanya haya siku hiyohiyo:

1. Kabla ya saa tisa alasiri mwagilia udongo, si majani. Udongo uliolowa hunywa joto la jua na kulirudisha usiku.
2. Ng'oa magugu na sogeza matandazo yaliyo kati ya mistari. Hili hushangaza watu waliofundishwa kutandaza kila wakati, lakini matandazo huzuia joto la ardhini lisipande kwenye mmea.
3. Jua likikaribia kuzama, funika miche kwa nyasi kavu au magunia juu ya vijiti. Karatasi la nailoni likigusa jani huliunguza palepale linapogusa.
4. Asubuhi funua jua likishapanda na weupe ukiwa umeyeyuka. Ukiacha hadi mchana miche inaiva humo ndani.

Viazi vikishaungua na kuwa vyeusi, usikimbilie kufyeka. Subiri siku kumi hivi. Shina lililo chini ya udongo mara nyingi huchipua upya, na kama uliinulia matuta vizuri, mizizi imelindwa. Kama vilikuwa vimekaribia kukomaa, viache ardhini ngozi ikaze ndipo uchimbe.

Miche ya parachichi ndiyo inayoniuma zaidi kuiona imekufa, kwa sababu mtu amenunua mche kwa bei kubwa na kuupanda bondeni bila kofia. Miaka miwili ya mwanzo kila mche ujengewe kibanda kidogo cha nyasi, upande wa mashariki uachwe wazi upate jua la asubuhi.

Msimu wa mvua adui ni mwingine, ule ukungu wa viazi unaolainisha majani kwa madoa ya kahawia na unga mweupe chini ya jani. Baridi yenye unyevu ndiyo chakula chake. Piga dawa kabla haujaingia, mvua ikiwa imepisha saa chache, na badilisha aina ya dawa badala ya kurudia ileile. Mvua ya mawe ikitwanga mahindi ambayo bado yako chini ya goti, yaache. Kitovu cha kukua kwake bado kiko ardhini, yatatoa majani mapya.

Mifugo

Ng'ombe mkubwa mwenye shibe haogopi baridi, anaogopa tope na upepo. Mpe majani makavu mengi zaidi jioni, kwa kuwa kuyasaga tumboni humtia joto usiku. Ndama ndiye wa kuangaliwa. Alale juu ya nyasi kavu nene kiasi cha kuzama miguu, na umvike gunia lililotobolewa matundu ya kupitisha kamba za kufungia tumboni. Ziba upande wa upepo hadi kimo cha mgongo wake, juu pabaki wazi. Banda lililozibwa kila mahali hujaa mvuke wa mkojo na kuleta nimonia.

Vifaranga wiki ya kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Huna kipimajoto? Watazame. Wakilundikana katikati wana baridi, wakikimbilia pembeni na kuacha midomo wazi wana joto, wakitawanyika na kula uko sawa. Chungu cha mkaa bandani kina hatari ileile niliyoieleza, kwa vifaranga na kwa wewe unayeingia usiku kukiongeza kaa, hivyo tundu la hewa juu ni lazima.

Siku yenyewe ya dhoruba

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari kwa rangi: njano ya kujiangalia, ya chungwa ya kujiandaa, nyekundu ya kuchukua hatua. Redio yenye betri iwe nyumbani, kwani umeme ndio wa kwanza kuondoka. Simu zijazwe mapema.

Radi ihesabu. Ukiona mwanga anza moja, mbili, tatu mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita moja. Ukisikia kabla ya kufika 30, uko ndani ya eneo lake: acha jembe, ingia kwenye nyumba ya tofali, kaa mbali na ukuta, waya, bomba na dirisha. Kibanda cha shamba hakikukingi. Mti mkubwa ulio peke yake ni mahali pabaya kuliko pote, na watoto wanaotoka shule waambiwe hivyo kila mwaka, hata kama wamechoka kusikia. Wakikutwa porini watawanyike, wasishikane mikono. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Tumezoea kufunika vioo na kuvua nguo nyekundu. Hakuna ubaya wowote, ila visikupe ujasiri wa kubaki mlangoni.

Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, mguse bila woga. Kama hapumui, mlaze chali, bonyeza katikati ya kifua kwa viganja viwili, kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Wengi wao huweza kurudi kama mtu ataanza mara moja.

Mto ukibadilika rangi kuwa wa kahawia na kubeba matawi, usivuke, hata kama ulivuka asubuhi. Maji ya kasi yanayofika chini ya goti yanatosha kumwangusha mtu mzima, na daraja la miti halionyeshi kama nguzo yake imeshaliwa. Lala ng'ambo. Kila kijiji kina nyumba itakayokupokea ukibisha hodi na kusema "kamwene", salamu ya huku kwetu.

Walio chini ya mlima wasikilize ardhi. Nyufa mpya mteremkoni, miti iliyoanza kuinama, chemchemi inayotoka pasipokuwa na chemchemi, mlango uliogoma kufunga, mto kupungua ghafla huku mvua ikiendelea: dalili moja tu inatosha kutoka. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang, mkoani Manyara, lilishuka kwenye mji wa Katesh asubuhi na kuchukua makumi ya watu. Ondokeni pembeni, kuelekea kwenye mgongo wa kilima, msikimbie mbele ya tope kufuata bonde. Vitu vibaki.

Chakula na maji

Mahindi yetu hukauka taratibu, na ukiyaweka ghalani mabichi utavuna sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Kipimo cha nyumbani ni chumvi. Kaanga chumvi ikauke, weka kijiko cha chumvi hiyo kwenye chupa kavu yenye mahindi kiasi cha robo, tikisa dakika chache, iache itulie dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, rudisha mahindi juani.

Mvua kubwa huchafua chanzo cha maji ya mserereko, yale yanayoshuka yenyewe kwa bomba kutoka mlimani, na bomba hutoa rangi ya chai ya maziwa. Yaache yatuame, chuja kwa kitambaa, kisha chemsha. Kwa kimo chetu maji huchemka yakiwa na nyuzi 93 hivi, kwa hiyo yaache yatokote dakika 3 nzima. Kwa sababu hiyohiyo maharage huchukua muda mrefu huku, basi yalowekwe tangu usiku. Makande ya moto ya saa nne asubuhi yamewafaa wengi wanaotoka shambani na mvua.

Asubuhi inayofuata

Kabla watoto hawajatoka, mtu mzima azunguke nyumba mara moja. Angalia waya wa umeme ulioanguka. Ukiuona, hata kama umelala kimya kwenye majani, kaa mbali mita 10, weka mtu wa kuzuia njia na mpigieni shirika la umeme. Angalia nyufa za ukuta, bati lililoning'inia, choo kilichotitia. Usipande paani bati likiwa bado limelowa.

Kisha mwenyekiti wa kitongoji na vijana wagawane njia. Anza na nyumba za wazee wanaoishi peke yao, halafu nyumba yenye mtoto mchanga, halafu nyumba ambayo haijatoa moshi tangu alfajiri. Mlango ukiwa umefungwa na hakuna anayeitika, msiende kumwuliza mjomba wake yuko wapi. Fungueni mlango, fungueni madirisha yote, na mtoeni mtu nje kwenye hewa kabla ya kuuliza lolote.